Ukuta Haungoji Kuonwa

Mwezi uliopita nilirudi Kamina kumzika mwalimu wetu wa falsafa, na hasira niliyotoka nayo makaburini ninayo mpaka leo, rafiki yangu.

Utotoni mwangu alikuwa jirani yetu, amesoma chuo kikuu Lubumbashi, ana mke na binti wa rika langu. Alasiri, bibi yangu akigeuza mihogo aliyoianika, harufu yake imejaa mtaa mzima, mwalimu alituita watoto barazani kwake tule karanga za kuchemsha.

“Mukifunga macho, ile mihogo ya kambo iko?” alituuliza, akimwonyesha bibi yangu kwa kidole.

Tulisema iko. Alicheka, akasema hatuwezi kujua, kila mtu anajitengenezea dunia kwa macho yake. Tulipenda sana! Mimi na binti yake tulifumba macho tukaifuta Kamina yote, stesheni na treni zake, kisha tukairudisha.

Halafu ukuta wa darasa letu ukapasuka. Wazazi walilalamika. Mkuu wa shule akautazama, akasema ni mzima. Mvua za kwanza ziliuangusha juu ya binti wa mwalimu, akafa.

Mwalimu alikwenda kwa mkuu. Waliokuwa mlangoni walisikia mkuu akimjibu kwa fundisho lake mwenyewe: “Professeur, weye njo ulifundisha, kila muntu na ukweli yake. Minyi niliona ukuta muzima.”

Hakumpiga. Baada ya kilio alituita barazani, akasema polepole: “Nilibadanganya. Ukuta haingoje muntu aione.”

Akayasema hayo darasani, sokoni, kanisani, mpaka mkuu akamfukuza kazi. Akawa mkulima wa mahindi, lakini hakuacha kufikiri. Uzeeni aliongeza kwamba kitu kipo hata tusipokiona, ila kisipotajwa, wenye nguvu watasema hakipo. Kwa hiyo kila masika alizunguka shule zote za mji akigonga kuta kwa ngumi na kuwaonya walimu. Wakubwa walimwita kichaa.

Na makaburini mkuu yuleyule, mzee sasa, alishika kipaza sauti akamsifu kuwa mwanafikra aliyetufundisha kwamba kila mtu ana ukweli wake. Watu wakapiga makofi.

Nilisimama, nikamwita kama tunavyowaita wazee wa kwetu: “Papa, ile aliiacha siku ukuta yako iliua mutoto yake.”

Aliniambia nikae, tuko kwenye kilio. Mjane wa mwalimu akasema, “Mumuache aseme.” Nikasema yote.

Bibi hayupo tena, na pale barazani wamejenga duka la simu. Watoto wa mtaa hawaulizwi kitu siku hizi, wanatumwa tu. Na binti wa mwalimu leo angekuwa mama, kama mimi. Hayo si maoni yangu, ni kweli hata mkuu asipoyaona.