Daktari Haumwi

Usiku ule nililala nimenuna. Nilikuwa nimeshakata shauri: kukicha nimfuate mkuu wa idara, nimwambie naacha mafunzo ya udaktari. Baridi yabisi ilikuwa imenivimbisha vidole, hata kufunga vifungo vya koti jeupe ilikuwa vita. Mwaka wa pili huo nameza dawa chooni kwa kujificha, nikitoka nacheka na wenzangu kama mzima.

Usingizi ulipokuja nilijikuta wodini, nyuma ya mwalimu wangu, Dokta Ligola, akipita kitanda kwa kitanda. Dokta Ligola tulishamzika. Ndiye aliyekuwa akituambia kila siku kwamba daktari haumwi. Mwenzetu mmoja aliwahi kumwomba kiti kwa ajili ya mgongo, akajibiwa, "Kiti ni cha mgonjwa. Chagua wewe ni nani." Tukacheka wote, mimi magoti yakiniwaka moto.

Wodi inageuka darasa, darasa linarudi kuwa wodi, na sasa aliyelala kitandani ni yeye. Wanafunzi tumemzunguka. Ananiamuru nitoe maelezo ya mgonjwa, kama alivyotuzoesha.

"Mgonjwa ni mwanamke," najisikia nikisema, ingawa namtazama yeye. "Anaumwa viungo. Asubuhi hawezi kushika kalamu."

"Amemwambia nani?"

"Hajamwambia mtu."

"Kwa nini?"

Namjibu kwa hasira. "Kwa sababu yako, Dokta. Ulitufundisha kumuuliza kila mgonjwa anaumwa wapi, hata asiposema. Sisi hukutuuliza hata siku moja."

Nilitegemea anifokee. Anafunua shuka, ananionyesha goti. Limevimba kuliko langu, ngozi imevutika inang'aa. Ndipo nakumbuka alivyokuwa akiegemea vitanda tukizunguka wodi, nasi tukidhani ni maringo.

"Na mimi niliambiwa hivyo hivyo," anasema. "Nikanyamaza mpaka mkanizika."

Nilitaka kumwonea huruma, ikagoma. Mtu ameumwa miaka yote hiyo, anajua uchungu wake, halafu anatuziba midomo sisi watoto wake! Nikamwambia hayo usoni. Wenzangu hawapo tena, vitanda havipo, tumebaki wawili, naye ananishika mkono penye uvimbe, taratibu, kama anavyoshikwa mgonjwa.

"Usiondoke," anasema. "Kaseme."

Nikaamka vidole vimekakamaa, hasira iko palepale. Hata leo sijamsamehe. Lakini kwa mkuu wa idara sikwenda kuaga. Nilimwambia naumwa nini, tangu lini, na kwamba siachi mafunzo, watafute namna ya kunipangia zamu ninazoziweza. Maneno yalinitoka kwa ukali, wala sikuomba radhi.

Aliinuka kwa kujishikilia meza, akafunga mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini natumia dawa gani, maana zake yeye hazimsaidii tena.