Mama Aliyepanga Safari kwa Mbali

Mke wa fundi friji alikuwa na tabia moja ambayo majirani walishindwa kuielewa. Shule zikifungwa, wenzake waliwapeleka watoto kwa bibi zao au waliwaacha wacheze nje mpaka wachoke wenyewe. Yeye aliwafungia wanawe chakula, akawavisha viatu vya kutembelea, akawapeleka kuona mambo. Leo chumba cha posta ambamo barua hupangwa, kesho bustani ya serikali ya kuotesha miche, keshokutwa kituo cha zimamoto. Masharti yake hayakuwa mengi: pawe mahali pa kufika kwa miguu au kwa basi moja tu, pasiwe na kiingilio, na kila mtu arudi na swali ambalo hakuondoka nalo.

"Ndege siwezi kuwapandisha," alikuwa akisema, "lakini sikubali wanangu wakae likizo nzima kama magunia."

Sasa ilikuwa inakaribia miaka miwili tangu yeye mwenyewe apande ndege. Friji za watu siku hizi zikiharibika hutupwa, hazitengenezwi, na kazi ya mumewe ilikuwa imepungua hadi ikabaki jina. Basi ilipotokea nafasi ya udobi katika hospitali kubwa ya nchi nyingine, akaishika. Aliwaacha mabinti wawili. Mkubwa sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na kitinda mimba ametimiza saba.

Kazi ilikuwa ya shuka. Shuka asubuhi, shuka mchana, shuka zinazotoka kwenye pasi kubwa zikiwa na joto la kubabua vidole. Yeye na mwenzake walisimama huku na huku, kila mmoja ameshika ncha mbili, wakasogeleana, wakakunja, wakaachana, wakaanza nyingine. Mwenzake huyo walimwita Redio, kwa kuwa hakuwahi kuzimwa.

Alikuwa amewaahidi mabinti kwamba likizo ndefu ya mwaka huu atakuwa nyumbani. Zilipobaki wiki tatu, msimamizi akamwita ofisini. Mfanyakazi mmoja amejifungua, mwingine ameacha kazi, hakuna wa kushika nafasi. "Wewe utaenda mwakani," msimamizi alisema, macho yake yakiwa kwenye karatasi. Mama yule akasema sawa. Akaenda chooni, akalia akiwa ameziba mdomo kwa aproni, akanawa uso, akarudi kwenye shuka. Redio alimtazama mara moja tu, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane akanyamaza saa nzima.

Mchana alipiga simu nyumbani. Binti mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa, mama." Sawa ile ilimchoma kuliko kilio. Siku hizi mkubwa alikuwa hamjibu zaidi ya maneno matatu.

Mdogo akanyakua simu. "Sasa nani atatupeleka?"

Swali hilo alilala nalo, akaamka nalo. Kulipokucha, wakati wa chai, akachukua karatasi zinazobandikwa kwenye mifuko ya nguo chafu, akazigeuza upande mweupe, akaanza kuchora mji wake kutoka kichwani. Stendi hapa. Soko hapa. Ukipita nyuma ya soko kuna kichochoro, mwisho wake mlango wa buluu, huo ndio mlango wa pembeni wa makumbusho, na Jumatano hawatozi. Alichora safari tano. Mtambo wa kusafisha maji. Bustani ya miche. Makumbusho. Kiwanda cha kuchapisha vitabu vya shule. Kituo cha kupima mvua na upepo. Kila safari akaiandikia saa ya kuondoka, cha kubeba, na nani wa kumwomba ruhusa. Mkono ulikuwa unachora, moyo ulikuwa umeshafika, unatembea kwenye vivuli vya mitaa ile kana kwamba haukuwahi kuondoka.

Redio aliinama juu ya bega lake. "Dada, fimbo ya mbali haiui nyoka."

"Siui nyoka, nafundisha wanangu."

Alizipiga picha karatasi zote, akamtumia mumewe. Fundi friji akapiga simu papo hapo.

"Mama watoto, nani huyu wa kwenda kupima upepo? Mimi? Na goti hili?"

"Goti hilo linapanda ngazi na friji ya mtu mgongoni. Litashindwa na makumbusho?"

Akasikia mumewe anacheka, kile kicheko chake cha kushindwa, na hamu ya kumwona ikamzidi hata akajifanya simu inakatika.

Safari ya kwanza walienda. Jioni alipiga, akiwa na kiu ya kila neno. Mumewe akasema, "Tumeenda, tumerudi. Maji yanasafishwa." Ya pili vilevile: "Miche ipo mingi." Mkubwa alisema ilikuwa nzuri, basi. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda chake, ameshika simu iliyonyamaza. Asiyekuwepo na lake halipo, wahenga walishasema. Hakujua kama mdogo alilowana miguu. Hakujua walikula wapi, wala nani alibeba mfuko.

Jumatano ya makumbusho simu haikupokelewa mchana kutwa. Ilipopokelewa, alikuwa binti mkubwa, na maneno yalimtoka kama mtu aliyekimbia.

"Mama, tulipotea! Ule mlango wa buluu haupo. Kichochoro chote kimejengwa maduka. Nikamwambia baba tuulize, baba akasema mama yenu hakosei, akazunguka na karatasi yako mpaka tukatokea mtaa hata hatuujui. Kitinda mimba akajikwaa kwenye ndoo ya mtu mlangoni, ikamwagika yote! Ilikuwa karakana ya miwani. Mwenyewe mama mmoja mtu mzima, akatoka. Tukasema shikamoo, tukajua leo tutaipata. Lakini hakugomba. Alimtazama tu mdogo, akamwuliza, mwanangu, ndoo hukuiona?"

Mama akakaa wima. "Enhe?"

"Akatuingiza ndani. Akatuonyesha anavyosugua kioo mpaka kinapinda, na kwa nini kikipinda huku kinakuza na kikipinda kule kinasogeza vya mbali. Nimeandika yote. Kisha akamvalisha mdogo fremu ya chuma ya kujaribia, anaweka kioo, anatoa, anaweka kingine. Akampeleka mlangoni, akamwambia tazama mti ule. Ngoja akuambie mwenyewe."

Sauti ya mdogo ikaja, ya chini, kama anatoa siri. "Mama, kumbe majani yanaonekana moja moja. Mpaka ya juu kabisa."

Mama alikumbuka safari zote za zamani. Kwenye zimamoto, watoto wengine wanaelekeza vidole juu ya ngazi, na huyu ameng'ang'ania upindo wa gauni lake, anatazama chini. Alimwita mvivu. Alimwita mwoga. Siku moja alimvuta mkono na kumwambia, "Nimekuleta uone, na wewe huoni!" Neno hilo sasa likamrudia.

"Mama, upo?"

"Nipo, mwanangu. Niambie tena. Majani yakoje?"

Mtoto akamwambia, na yeye akafumba macho asikie vizuri.

Baadaye mumewe alishika simu. Fundi miwani alikuwa amewaelekeza kliniki, na kesho yake mumewe angempeleka mtoto akapimwe macho sawasawa. "Na ile ramani yako," akaongeza, "usiirekebishe kwanza."

"Nilimwita mvivu, baba watoto."

"Mimi naishi naye, na sikuona. Tumekosa wote wawili."

Picha ilikuja baada ya wiki moja na nusu: kitinda mimba na miwani ya fremu nyekundu, amesimama kituo cha upepo, kichwa ameinua juu. Redio aliitazama muda mrefu. "Ana pua yako," alisema, halafu akashika ncha zake mbili za shuka na kungoja mwenzake awe tayari.

Tangu Jumatano ile binti mkubwa alikuwa anapiga mwenyewe. Alisimulia kiwanda cha vitabu tangu karatasi inavyoingia mpaka kitabu kinavyokatwa kingo. Alimwigiza baba yake akibishana na mlinzi. Alisema baba siku hizi anavaa viatu kabla yao. Mama alicheka mpaka wenzake wakageuka. Alipokata simu, kicheko kilikuwa hakijaisha mdomoni, lakini mikono tayari ilikuwa mitupu.

Siku ya mwisho ya likizo, mkubwa alipiga wakati wa chai.

"Mama, za likizo ijayo nimeshapanga mimi. Ziko safari nne. Usituchoree tena, mji umebadilika."

Mama aliona fahari, na ndani ya fahari hiyo kitu kama mtu anayefungiwa mlango kwa upole. "Na mimi nimo?" aliuliza.

"Kama msimamizi wako atakuachia. Asipokuachia tutaenda, tutakusimulia." Kisha, kwa sauti ya mtoto mdogo ambayo hakuisikia kwa muda mrefu: "Lakini uje, mama."

"Nisomee," mama akasema.

Binti akaanza kusoma: saa ya kuondoka, cha kubeba, wa kumwomba ruhusa. Safari ya pili, ya mtoni, alikuwa amekosea basi. Hilo huishia sokoni, halifiki mtoni. Mama alijua, akataka kusema, akajizuia. Kengele ya kazi ikalia. Redio alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, shuka ya moto mikononi, akamwashiria kwa kidevu kwamba amalize tu.

"Endelea," mama akasema. "Ya tatu ni wapi?"