Dole la Mguu kwenye Fomu ya Kabula

Nianze na ujinga wangu kabla hujausikia kwa watu wa bwenini, maana wao huutia chumvi: alama ya dole gumba iliyokuwa kwenye fomu ya Kabula haikuwa ya mama yake. Ilikuwa yangu, tena ya mguuni. Nakumbuka harufu ya ile pedi ya wino, kama mafuta ya taa yaliyochanganywa na dawa ya viatu, na ubaridi wake nilipoikanyaga ndani ya ofisi ya taaluma, ambako nilikuwa nadeki kama adhabu ya kumwigiza makamu mkuu anavyopiga chafya mstarini. Nilichagua mguu kwa sababu za kitaalamu. Dole langu la mkono ni jembamba, la mtu wa kushika kalamu. Mama yake Kabula ni mkulima wa pamba wa Nkololo, nikaona mwalimu atatarajia dole lenye mwili. Na kweli, mwalimu wa klabu aliipokea fomu, akaitazama, akasema, "Huyu mama anafanya kazi." Nusura nife kwa kicheko.

Ulikuwa muhula wetu wa kwanza kidato cha tano, malori ya pamba yakiingia Bariadi kutwa nzima na nyuzi nyeupe zikinasa kwenye uzio wa shule. Shule yetu ni ya wasichana watupu, na mkuu wa shule aliamini kwamba binti wa kidato cha tano asiye na klabu amekuja kula maharage ya serikali tu. Basi tukajiandikisha. Kulikuwa na mdahalo, kwaya, ushonaji, ngoma, na kompyuta, mashine nne, moja ikiwaka. Mimi na Kabula tulichagua mazingira. Yeye aliipenda kweli, alikuwa na daftari la miti ya kwao, kila mti na jina lake la Kisukuma. Mimi nilifuata safari ya Serengeti, Ijumaa hadi Jumapili. Nimezaliwa mkoa unaopakana na hifadhi, lakini simba wa karibu niliyewahi kumwona yuko kwenye noti.

Fomu ya ruhusa ya safari ilitaka sahihi ya mzazi au dole. Kabula alikwenda nayo kwao, akarudi nayo tupu.

"Mayu anaumwa," aliniambia. Mayu ndiye mama, hata kidato cha tano hatujaacha kumwita hivyo. "Sikuthubutu hata kuitoa. Kasema nirudi Jumamosi, ana neno la kuniambia."

"Anaumwa nini?"

"Kifua."

"Kifua kila mtu anacho. Neno gani hilo haliwezi kungoja Jumatatu? Jumamosi zitakuja nyingine, mwenzangu. Serengeti ya bure haiji tena."

Alikataa siku mbili. Siku ya tatu nikamwonyesha fomu iliyogongwa dole, nikavua kiatu nimwonyeshe na kidole chenyewe, kingali cha bluu. Akacheka mpaka akakaa chini. Akaenda.

Siwezi kusema safari ilikuwa mbaya. Tuliona kila tulichoahidiwa. Jumamosi mchana Kabula alimtajia askari wa hifadhi miti mingi kuliko aliyoijua askari mwenyewe, na yule mzee akamwambia, "Binti, wewe rudi hapa uajiriwe." Sijawahi kumwona ana furaha vile. Simu ya mwalimu haikushika mtandao tangu getini, nasi tukaona ndiyo raha ya porini.

Jumapili jioni matroni alikuwa amesimama langoni anatungoja. Kaka yake Kabula alikuwa amefika Jumamosi saa mbili asubuhi, na pikipiki, kumchukua. "Mama yake karuhusu mwenyewe," matroni alimwambia, akamtolea fomu. Yule kaka akalitazama lile dole. "Mayu hajainua mkono wiki nzima," akasema, akarudi peke yake. Mama alifariki alasiri ile. Wakamngoja Kabula hadi Jumapili mchana, kisha wakazika.

Alipoulizwa nani aligonga fomu, Kabula alisema ni yeye. Akasimamishwa masomo wiki mbili, akaenda nazo msibani. Mimi mwenye mdomo wa kuchekesha mstari mzima nilinyamaza siku sita.

Sasa tuko kidato cha sita. Mkuu wa shule nilimweleza mwishowe; nikapewa adhabu yangu, na ya Kabula ikafutwa, kwenye karatasi. Fomu za dole hazikubaliki tena, mzazi hupigiwa simu na matroni. Klabu zipo, safari zipo, na wadogo zetu wa kidato cha tano wanazigombania kama tulivyozigombania sisi. Kabula hana klabu. Huniazima daftari, hunisalimu vizuri, na darasa zima likicheka utani wangu yeye hufunua ukurasa. Lile neno la mama yake hakuna anayelijua. Zamani nilidhani mtu akishacheka basi amekubali.

Wa kwanza kuambiwa alikuwa mama yangu. Siku ya saba niliomba ruhusa, nikaenda nyumbani Ngulyati, nikamkuta uani anapukuchua mahindi. Nikapiga magoti, nikamweleza yote, hata mguu, nikalia, nikamwomba anisamehe. Hakuniangalia mpaka hindi alilolishika likabaki gunzi. Ndipo akasema:

"Usiniombe mimi msamaha, Minza. Mimi si nipo?"