Mkaa Mmoja, Sufuria Mbili

Ko, ko.

Mwiko ukigongwa ukutani mara mbili, bila nguvu. Katika mambo yote ya nyumba ile ya Mtaa wa Sikukuu, mlio huo ndio uliobaki masikioni mwa Sarla. Maana yake ilikuwa moja: mkaa umeshika, leta sufuria yako.

Aliyekuwa akigonga ni Angelina, jirani wa chumba cha pili. Waliishi ukuta kwa ukuta miaka kumi na moja katika nyumba ya zamani ya vyumba sita, korido katikati, ua nyuma, bati lenye kutu juu. Ghorofa zilikuwa zimeizunguka pande tatu.

Sarla alizaliwa Kisutu, miaka sitini na nane iliyopita. Mumewe, Jitendra, alikuwa fundi saa mwenye meza moja kwenye baraza la duka la watu. Alipofariki aliacha koleo ndogo, miwani ya jicho moja, na saa kumi na nne ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Hawakujaliwa mtoto. Watu wa mtaani hawakuamini kwamba kuna Mhindi maskini. Walisema pesa anazo, ila anazikalia.

Alichokuwa akikikalia ni kigoda, tangu saa kumi na mbili asubuhi, akisukuma papadi. Alikanda unga wa choroko kwa pilipili manga na chumvi, akausukuma hadi ukawa mwembamba kama karatasi, kisha akazianika papadi zake juu ya mkeka uani. Jua likiwa kali, saa saba zimekauka. Duka moja la Kisutu lilizinunua kila Jumamosi, na zilizovunjika kingo zilirudi nyumbani kuwa kitoweo.

Kwa wiki alipata elfu thelathini na tano. Kumi na tano aliziweka pembeni kwa ajili ya kodi. Nne, dawa za presha. Mbili, umeme na maji. Mbili, mkaa. Zilizobaki, elfu kumi na mbili, ndizo alizokula siku saba. Alikuwa na njia zake: majani ya chai yalichemshwa mara mbili, maganda ya machungwa yalikaushwa yawe ya kuwashia moto, kipande cha sabuni kilichokonda kiligandishwa kwenye kipya. Hekaluni wangemsaidia, lakini hakutaka jina lake liandikwe kwenye daftari la wanaosaidiwa. Alisema daftari lile lina majina ya kutosha.

Angelina alikuwa mtu wa Newala, wa miaka hamsini na kidogo. Aliuza mboga za majani kwenye beseni, akipanda na kushuka ngazi za ghorofa za Upanga. Binti yake, Stella, alikuwa ameolewa Lindi. Naye aliishi kwa kubanabana, na ubanaji wa hawa wawili ulikutana kwenye jiko.

Kopo moja la mkaa lilitosha sufuria mbili, kama zikifuatana bila moto kupoa. Lakini Sarla hali nyama wala samaki, na Angelina siku isiyo na samaki kwake ni siku ya mgonjwa. Kwa hiyo walipanga tangu mwaka wa kwanza: Sarla anapika kwanza, moto ukiwa mkali na safi, dengu zake zimelowekwa toka asubuhi ili ziive upesi. Akiipua, Angelina anabandika dagaa au vichwa vya samaki alivyovifuata Feri, navyo vinamalizikia kwenye makaa yanayofifia. Makaa yaliyobaki yanafukiwa kwa majivu hadi kesho. Hawakuandikiana. Siku moja tu, Angelina aliposahau na kutanguliza samaki, alimwaga mkaa wote akawasha upya kwa gharama yake, na Sarla akamwambia kwamba hata hivyo siku hiyo hakuwa na njaa sana.

Sokoni nako walikuwa na utaratibu. Kila Alhamisi waliondoka pamoja, wakifika kwenye kona ya mtaa wa mwisho Sarla alikaa kwenye ngazi ya duka lililofungwa, Angelina akaendelea peke yake. Muuzaji akimwona Sarla, bei hupanda. Mafungu Angelina aliyarudisha kwenye ngazi ile, wakagawana: nyanya tano, tatu kwako mbili kwangu, wiki ijayo tunageuza.

Mara moja Beno, muuza nyanya, alipita akawakuta.

"Kumbe nyanya zangu anakula Mama Sarla," alisema. "Miaka yote hii mnanizunguka."

"Ungejua ungefanyaje?" Angelina alimuuliza.

"Ningepandisha tangu mwaka juzi."

"Basi shukuru hukujua. Umekwepa dhambi."

Beno alicheka, akaongeza nyanya moja, iliyobonyea.

Mwezi wa tano mwenye nyumba alifariki, na warithi wakauza kiwanja. Ghorofa la maduka litajengwa. Wapangaji walipewa wiki sita wahame, na kila mmoja akarudishiwa kodi yake ya miezi mitatu iliyobaki. Sarla alipata laki na elfu themanini, akazitia kwenye bahasha.

Angelina alipata fununu ya chumba Buguruni, kwa mama mmoja aitwaye Candida. Kodi elfu arobaini, miezi sita mkononi. Sarla alipigiwa simu kutoka Mwanza na Paras, mtoto wa shemeji yake, aliyeishi huko na mkewe Ekta.

"Njoo ukae kwetu, auntie. Ekta amekubali. Utalala chumba cha watoto."

"Nyumba yenu ina ua?"

"Tuko ghorofa ya nne, auntie. Ua wa nini?"

"Nauliza tu."

Paras alimtumia nauli ya basi, elfu sabini. Sarla alizitoa kwa wakala, akazitia kwenye bahasha ya pili.

Wiki zile walizungumza mengi, ila la maana hawakuligusa. Angelina alijiambia: mtu aliyezaliwa Kisutu nitamwambiaje twende Buguruni, na mimi ni nani hata nimtoe kwa ndugu zake? Sarla naye alijiambia: ameshachoka kungoja dengu za mzee ndipo akaange samaki wake, aende akapumzike. Kila mmoja alimwonea mwenzake huruma kimya kimya, na huruma hizo mbili zilikuwa zinawatenganisha vizuri kabisa.

Alhamisi moja Angelina alijaribu kununua vya mtu mmoja, apate mazoezi. Beno alikataa kuuza nusu fungu. Nyanya tano zikabaki kwa Angelina, mbili zikaoza. Alipozitupa, Sarla alikuwa mlangoni, akaona.

Siku ya Angelina kwenda kulipa kodi ya Buguruni, Sarla alikuwa amevaa ndala na kujifunga mtandio kichwani kabla Angelina hajafunga mlango.

"Shikamoo, mama. Unakwenda wapi?"

"Marahaba. Kunyoosha miguu."

"Hadi Buguruni?"

"Miguu yangu mirefu."

Walikwenda kwa miguu, kwa sababu nauli ya wawili ni nyanya za siku mbili. Sarla alipumzika mara tatu. Walipokaribia nyumba Angelina alimwonyesha kibanda cha kuchaji simu.

"Utanisubiri hapo, kama sokoni. Dakika kumi tu."

Sarla aliitikia. Lakini kutoka pale kibandani ua haukuonekana, na yeye alikuwa ametembea mwendo wote ule ili aone ua. Angelina alipoingia tu, akamfuata.

Candida alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, akichambua mchele. Alimwona Angelina, akamwona Sarla nyuma yake, akasimama na kufuta mikono kwenye kanga.

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba."

"Mbona hukuniambia kama bosi wako ndiye anayelipa?" Candida alimgeukia Angelina. "Ningefagia."

"Si bosi wangu. Jirani yangu."

"Jirani," alisema Candida, akatabasamu kama mtu aliyeelewa mzaha. "Haya. Kile chumba sasa ni sitini."

"Juzi uliniambia arobaini."

"Juzi ni juzi. Jana kuna mtu kaja, kafika hamsini na tano."

"Mtu gani?"

"Mtu tu."

Angelina alimgeukia Sarla. "Umeona? Nilikwambia kibandani, mama. Sasa miguu yako imenigharimu elfu ishirini kwa mwezi."

"Imepanda thamani," Sarla alisema. "Asubuhi ilikuwa inauma bure."

Angelina hakucheka. Aliingia kwenye kile chumba na kusimama katikati, kama anayekiaga. Katika bahasha yake kulikuwa na laki mbili na arobaini kamili, pamoja na pesa za mchezo wa akina mama wa kuchangiana kwa zamu, ambazo alipokea kwa zamu ya mwenzake kwa kuomba. Ya sitini hakuwa nayo, wala asingekuwa nayo mwezi huo wala ujao.

Sarla alibaki uani. Alitazama juu. Hapakuwa na ghorofa. Jua lilikuwa limelala uani pote, mpaka kwenye kizingiti. Alilitazama kwa muda, kama mtu anayepima kitambaa kwa macho. Kisha akasukuma mlango wa chumba cha pili, kilichokuwa wazi na kitupu, akaingia.

Candida alikuwa bado anaeleza habari za yule mtu wa jana pale uliposikika mlio ukutani. Ko, ko.

Angelina aliinua kichwa. Candida naye akageuka kuutazama ukuta.

Sarla alitoka, akavuta kigoda, akaweka juu yake bahasha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kodi iliyorudishwa. Ya pili ilikuwa ya nauli ya Mwanza. Alitoa elfu sitini kwenye ya pili, akaziunganisha na za kwanza, na ile ya pili akaificha tena.

"Laki mbili na arobaini," alisema. "Za kile cha pili. Na mwenzangu anazo zake, za kile cha kwanza. Arobaini, arobaini, miezi sita sita, leo. Au tunarudi, umsubiri mtu wa jana."

"Na hicho cha pili anakaa nani?" Candida aliuliza. "Mfanyakazi mwingine?"

"Ninakaa mimi."

Candida alimtazama kuanzia mtandio hadi ndala. Ndala ya kushoto ilikuwa imeshonwa kwa uzi wa kuvulia. Alitazama hapo kuliko kwingine.

"Mama, hapa maji ni ya ndoo," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Hata kule ni ya ndoo."

"Na Mwanza?" Angelina alisema kutoka mlangoni. "Paras utamwambia nini?"

"Nimemwambia jana. Nitamrudishia kidogo kidogo, kwa papadi. Amekasirika. Ekta hakukasirika."

"Jana? Umemwambia jana, na mimi umeniacha nitembee njia nzima nikiwa na roho ya msiba?"

"Sikuwa nimeona jua."

Angelina alitoka pale mlangoni. Akatoa bahasha yake kifuani, akaiweka juu ya kigoda kando ya nyingine, na kwa kuwa hakujua mikono aiweke wapi, akazinyoosha zote mbili zilingane.

Candida alihesabu mara mbili. Za mwisho alizihesabu polepole, halafu akafunga zote kwenye pindo la kanga. Habari za mtu wa jana hazikutajwa tena.

"Haya, sheria zangu," alisema. "Luku ya umeme tunachanga. Choo kwa zamu. Kupika ni hapa uani, na sitaki ugomvi wa majiko, wapangaji wa mwisho walipigana kwa ajili ya nafasi. Kila mtu na jiko lake. Nyinyi mtaleta mangapi?"

Angelina alimtazama Sarla. Sarla alikuwa ameinama akirekebisha uzi wa ndala, na alipojibu hakuinua kichwa, wala hakupaza sauti. Candida ilibidi asogee ili asikie.

"Moja," alisema. "Mimi ndiye hupika kwanza."