Ndama wa Rafiki Yangu Katika Bustani ya Burudani

Kampuni ile ilipokuja Kitengela, ilituita sisi majirani kwenye mkutano chini ya hema, ikatupa soda na kutueleza biashara zake. Ilikuwa na majumba ya sinema Nairobi, hoteli za familia huko Pwani, kumbi za harusi, na jiko kubwa la kuoka keki za siku ya kuzaliwa. Hapa kwetu, mahali tulipokuwa tukilisha mifugo wakati wa kiangazi, ingejenga bustani ya burudani: bembea, mabwawa yenye miteremko ya maji, majumba ya mpira ya kurukia, garimoshi dogo la watoto, farasi na ngamia wa kupanda, na mkahawa wa nyama choma kwa wazazi. Nilimshukuru Mungu. Watoto wa Kitengela walikuwa hawana pa kuchezea isipokuwa kando ya barabara ya malori.

Siku ya ufunguzi niliombwa kutoa sala, kwa kuwa mimi ni mzee wa kanisa na boma langu limepakana na ukuta wao. Nilipewa kiti cha mbele. Kipaza sauti kiliniita "mzee wetu", na sitadanganya hapa, nilifurahi. Nilirudi nyumbani nikitembea kama kijana.

Wiki chache baadaye meneja alikuja kwangu. Alikuwa mama wa makamo kutoka upande wa Murang'a, mwenye adabu na haraka. Akanieleza kuwa walikuwa wakitengeneza zizi la wanyama, ambapo watoto wa mjini wangegusa mbuzi, sungura na kondoo, na kujifunza kukamua.

"Shida ni ng'ombe, mzee. Tulileta mmoja wa gredi, wale wa Kizungu, akapiga mtoto teke. Nimeambiwa wewe uko na ng'ombe mpole hajawahi kuonekana."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa na ng'ombe mwekundu mwenye tumbo jeupe, na ndiye ninayetaka kuandika habari zake.

Katika ukame mmoja mbaya nilipoteza karibu mifugo yote. Rafiki yangu wa Oltepesi, ambaye tulitahiriwa naye msimu mmoja, alisikia. Naye alikuwa amepoteza wengi. Alikuja na ndama jike mmoja, akamwachia mke wangu kamba mkononi, akanywa chai, akaondoka. Kwetu Wamaasai mtu akikupa mnyama, hamwitani tena majina yenu. Mnaitana kwa mnyama yule. Tangu siku hiyo mimi nilimwita yeye Paashe, naye akaniita mimi Paashe, kwa sababu kati yetu kulikuwa na ndama. Hata wajukuu wetu hawajawahi kulisikia jina langu jingine likitoka kinywani mwake, maana halijatoka kwa miaka mingi.

Ndama yule alikua, akatuzalia. Wengine walikufa, wengine walitolewa mahari. Katika uzazi wake wa mwisho alikufa mwenyewe, akaacha huyu mwekundu. Mke wangu alimlea kwa chupa, ndani ya nyumba, karibu na jiko. Ndiyo maana alikuwa mpole. Yeye peke yake ndiye aliyebaki wa ukoo ule, maana ndama wake wa kwanza alikufa akamwachia maziwa tu, na mke wangu sasa yuko kwa Bwana.

Meneja hakutaka kumnunua, alitaka kumwazima tu. Kwa shukrani, kampuni ingenipa kadi. Wajukuu wangu wangeingia bure siku yoyote, na watoto wote wa shule ya Jumapili wangeingia bure mara moja kila mwezi. Niliwaza juu ya watoto wale. Wengi wao walikuwa wakisikia vicheko na maji vikivuma ng'ambo ya ukuta, na hawajawahi kuvuka lango.

Mnyama wa namna hii hatoki bomani kwenda kwa mgeni kabla aliyekupa hajaambiwa. Huombi ruhusa, kwa maana ni wako. Unamwambia tu. Simu ilikuwa mfukoni mwangu na namba yake nilikuwa naijua kwa kichwa. Sikupiga. Nilijiambia kuwa kuazima si kuuza. Nilijiambia kuwa ni kazi ya Mungu. Lakini nilijua angesema nini, na kwa sababu nilijua, sikupiga.

Ng'ombe akaenda. Wakamtengenezea banda zuri lenye majani mengi. Wakaniuliza jina lake, nikasema hana, wakamwandikia la Kizungu kwenye ubao wa rangi ya waridi. Kila Jumapili nilikuwa nikitoa shukrani kanisani kwa ajili ya kadi ile, na waumini wakipiga makofi.

Likizo ya Agosti, Paashe akaja Kitengela kupimwa macho. Alilala kwa binti yake, na asubuhi akafika kwangu na mjukuu wake, msichana wa miaka kama saba.

"Paashe, supai!"

"Ipa, Paashe."

"Huyu amenisumbua tangu jana. Anasema uko na kadi ya kwenda kwa maji. Twende basi, kabla hajanimaliza."

Ningeweza kusema naumwa. Ningeweza kumwambia ukweli palepale mlangoni. Nilichukua kofia yangu.

Ndani ya bustani nilijifanya kiongozi wa msafara. Nilikuwa nimepanga njia kichwani: mabwawa kwanza, kisha garimoshi, kisha soda, kisha nyumbani. Zizi la wanyama lilikuwa upande wa pili, nyuma ya mkahawa. Rafiki yangu alifurahi. Alisimama mbele ya mteremko wa maji akiwatazama watu wazima wakiteleza na kupiga mayowe.

"Wamelazimishwa?" akaniuliza.

"Hapana. Wamelipa."

"Wamelipa ili waanguke?"

"Ndiyo."

"Sisi tulikuwa tunaanguka bure," akasema, na watu waliokuwa karibu nasi wakacheka.

Garimoshi lilipopita likipiga honi, aliuliza linaenda wapi. Nikamwambia haliendi popote, linazunguka tu na kurudi.

"Kama mkutano wa chifu," akasema.

Nilicheka naye, huku nikitupa jicho upande wa mkahawa. Hapo ndipo kipaza sauti kilipotangaza kwamba saa ya kukamua imefika, watoto wote waende zizini. Msichana akashika mkono wa babu yake akaanza kumvuta. Nikasema jua ni kali. Nikasema kule kuna harufu. Nikasema tunywe soda kwanza.

"Paashe, tangu lini wewe ukaogopa harufu ya ng'ombe?"

Wakaenda. Nikawafuata nyuma.

Ng'ombe alikuwa amesimama katikati ya foleni ya watoto, amevishwa shada la maua ya karatasi kwenye pembe zake. Kijana wa kampuni alikuwa akimwelekeza mtoto mmoja jinsi ya kushika chuchu, na mama yake akipiga picha. Rafiki yangu alisimama. Alimtazama ng'ombe miguuni, tumboni, kisha alama ya sikio. Hakuniangalia. Akapiga mluzi mdogo, ule anaowaitia ng'ombe wake kule Oltepesi. Ng'ombe huyu hakuwahi kukaa Oltepesi hata siku moja, lakini mluzi ule mke wangu aliuiga kwa rafiki yangu siku alipomleta mama wa ng'ombe huyu, akautumia kumlea. Ng'ombe aliinua kichwa. Ua moja la karatasi likaanguka.

"Babu, anakujua!" msichana akasema.

"Namjua mama yake," akajibu.

Alimngoja mjukuu wake akamue kwa zamu yake kama wengine. Alimshikia kikombe. Tulitoka pamoja, tukatembea hadi barabarani, akanipa mkono kwa adabu zote.

"Asante kwa kututembeza, mzee wa kanisa," akasema.

Nimeitwa hivyo na mamia ya watu, na ni cheo cha heshima. Siku hiyo nilisimama kando ya barabara mpaka mwenye duka la mitungi ya gesi akanitolea kiti.

Sikuweza kusali vizuri wiki ile. Nilipiga magoti na maneno yalikuja, maana yamezoea kuja, lakini nilikuwa nikisikia kama nasoma barua ya mtu mwingine. Siku ya tano nilienda kwa meneja.

"Mzee, kwani tumemkosea?" akauliza. "Huyo ng'ombe anakula kuliko mimi."

"Hamjamkosea. Mimi ndiye nimekosea."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakubishana, Mungu ambariki, ila alisema kwamba kadi ilikuwa ya ng'ombe, na bila ng'ombe hangeweza kuitetea kwa wakubwa wake. Nikaiweka mezani. Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya watoto nikawaambia kwamba hatutaenda tena. Sikuwaeleza sababu yote. Mvulana mmoja aliuliza kama ni wao waliofanya makosa, nami nikasema hapana. Niliwaingiza waliokuwa nje ya lango, na sasa mimi mwenyewe nilikuwa nimewatoa.

Kisha nikaenda Oltepesi. Nilipita Isinya mpaka Kiserian, nikashuka na barabara ya Magadi. Ukishapita Corner Baridi joto linakupokea, na mimi nilihisi kwamba linanistahili. Nilimkuta rafiki yangu kwenye kisima cha jamii, akingojea zamu ya mifugo yake kunywa.

"Umekuja na ng'ombe?" akauliza kabla ya salamu.

"Hapana. Nimemrudisha nyumbani kwangu."

"Vizuri. Ungemleta hapa, ningekufukuza nawe ungekwenda. Kitu nilichokupa sikukuazima."

Nikamwambia yote niliyoandika hapa: kiti cha mbele, kipaza sauti, simu niliyoiacha mfukoni. Nikamwambia nilijua angekataa, nikamwomba msamaha.

"Nisingekataa," akasema. "Watoto kugusa ng'ombe, kuna ubaya gani? Ningecheka. Ningesema uwaambie wasimvishe maua."

Hilo lilinichoma kuliko hasira yoyote. Niliiba kitu ambacho ningepewa.

Alitazama foleni ya mifugo. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, "Miezi hiyo yote uliyokuwa umenificha, ulikuwa unasali?"

"Nilikuwa nasali."

"Ukisema nini?"

Nilitaka kumpa jibu jingine.

"Nilikuwa nikishukuru," nikasema.

Sikuomba msamaha mara ya pili, kwa kuwa nimejifunza kuwa mtu anaweza kuomba msamaha mpaka kuomba kukawa kama kudai. Zamu yake ikafika. Ng'ombe wakaanza kusukumana, na birika la bati wanalonyweshea likayumba upande mmoja.

"Shika hapo," akasema. Hakuniita Paashe, wala mzee wa kanisa, wala jina lolote.

Nikavua koti, nikashika.