Mchana Aitwe Mwalimu

Hakuwahi kusimama mbele ya ubao hata siku moja, lakini mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Jina lilianzia kwa watoto wenyewe, wale wa mwanzo kabisa, ambao mama zao walimwachia asubuhi na mapema wakikimbilia kiwandani. Mtoto akiulizwa nyumbani ameshinda wapi, anajibu kwa Mwalimu, na mzazi aliyechoka hana nguvu ya kubishana na mtu wa miaka mitatu. Likaganda. Watoto wale sasa ni watu wazima, wengine wana ndevu zao, na wakimkuta sokoni hutua mizigo chini ili wamwamkie vizuri.

Kituo chenyewe kilikuwa sebule yake. Makochi aliyauza, kabati akalisukumia chumbani, akabaki na mikeka, ndoo mbili za midoli, na ukuta uliochorwa chaki mpaka pale mkono wa mtoto unapofika. Kuanzia hapo kwenda juu ulikuwa mweupe pee.

Aliishi na mjukuu wake. Binti yake, mtoto wake wa pekee, aliingia chumba cha kujifungulia akiwa anacheka, na aliyetoka ni kichanga peke yake. Baba wa mtoto alikuja msibani, akalia sana, haki yake tumpe, halafu akaingia mitini. Basi kile kichanga kikawa ndicho binti, ndicho mjukuu, ndicho kila kitu. Mtaani walimwita Kaptula, kwa sababu nguo zake zilinunuliwa za kukulia na kaptula zilimgonga vifundoni. Bibi yake hakumwita hivyo. Alimwita mume wangu, kama bibi yeyote mwenye akili timamu amwitavyo mjukuu wa kiume, na mtoto aliupokea utani ule kwa mikono miwili.

"Mke wangu," angesema asubuhi, ameketi mkekani na kikombe chake, "chai hii mbona haina sukari?"

"Sukari kamuombe mke mwenzangu."

"Nani huyo?"

"Si yule fundi wako, unayemshindia mlangoni."

Hapo mtoto hucheka mpaka chai imtoke puani. Fundi mwenyewe alikuwa mshona nguo aliyepanga chumba cha jirani, ukuta kwa ukuta. Mwanamke mpole wa makamo, hakujaaliwa mtoto, na watu walikuwa wameshaacha kumuuliza.

Halafu ikaja ruzuku. Sasa hapo nisikilize vizuri, maana masharti yale yalikuwa na meno, na meno yenyewe huyaoni mpaka umeshatia kidole. Afisa wa malezi alifika na mkoba begani na viatu vimejaa vumbi, binti mdogo, si mtu mbaya hata kidogo. Akaeleza kwamba kituo kisichosajiliwa kitafungwa mwaka ukiisha. Ili usajiliwe uwe na choo cha kimo cha watoto, mtungi wa kuzimia moto, vyeti vya afya, na msaidizi aliyesomea malezi. Mwalimu akamuuliza vitu hivyo vyote vitalipwa na nani. Afisa akasema ndiyo maana kuna ruzuku. Kituo chenye watoto kumi wanaostahili kitapewa, kisichofika kumi hakipewi. Akatoa utepe, akapima sebule, akasema chumba kinabeba watoto kumi, wa kumi na moja hapana. Mwalimu akashukuru Mungu, kwa sababu kumi ndio aliokuwa nao.

"Na huyu wa kaptula ndefu ni wa nani?" afisa akauliza, kalamu mkononi.

"Huyo mjukuu wangu."

Kalamu ikasimama. "Mama, ndugu wa mwenye kituo hapewi ruzuku."

"Asipewe. Wala sijamwombea."

"Lakini anachukua nafasi. Kwa hiyo wanaostahili ni tisa."

"Basi nitatafuta mwingine wa kumi."

"Watakuwa kumi na mmoja, na chumba hakiruhusu."

Mwalimu akakaa chini. "Mwanangu, mjukuu wangu anahesabiwa au hahesabiwi?"

"Kwenye chumba anahesabiwa. Kwenye ruzuku hahesabiwi."

"Na wewe unalielewa hilo?"

Afisa akacheka kidogo kwa haya. Akasema sharti lilitungwa kwa sababu kuna watu walijaza vituo kwa watoto wa shangazi na wajomba ili wavute hela. Ndivyo dunia ilivyo, samaki mmoja akioza wote wameoza, na harufu anaipata asiyevua. Akamshauri mtoto apelekwe kituo kingine mchana, arudi jioni. Kilichosajiliwa cha karibu kilikuwa ng'ambo ya pili ya mji. Mwalimu alijua mtoto mgeni analiaje siku za kwanza, alishawabeba wengi wa namna hiyo, na hakutaka huyu wake alie hivyo kwa mtu asiyemjua. Akifunga kituo, watakula nini. Akimtoa mtoto, yeye atabaki na nini.

Jioni alimweleza fundi, wakiwa wamekaa kizingitini. Fundi akamaliza kushona kishikizo ndipo akasema, "Niandike mimi, mama. Andika ni wangu, namlea. Atashinda hapo hapo mbele ya macho yako."

"Tutaongopa."

"Tutamwongopea nani? Mtoto atakula wapi, atalala wapi, si kwako?"

Na kweli, ukilitazama pale kizingitini, lilikuwa jambo dogo. Mwaka mmoja na kidogo tu, mpaka mtoto aanze shule. Akaandikwa wa fundi, na wa bibi akawa hayumo. Wazazi waliojua walinyamaza, maana nani atakata tawi alilokalia. Msaidizi aliyeletwa alitoka mtaa wa mbali na hakujua lolote, na ndiyo ilikuwa shida, kwa sababu sasa ndani ya nyumba kulikuwa na sikio la mgeni kutwa nzima.

Mwalimu akamweka mjukuu magotini. "Mume wangu, sikiliza. Wenzako wakiwepo, mimi ni Mwalimu. Usiniite Bibi, usiniite mke wangu. Wakishaondoka ndiyo narudi kuwa Bibi."

"Kwa nini?"

"Ndivyo mchezo ulivyo."

Mtoto akakubali, lakini kukubali kwa mtoto ni kwa wakati ule ule. Kesho yake, uji ulipokuwa unagawiwa, akaita, "Bibi." Mwalimu akaendelea kugawa. Akaita tena, akasogea, akamvuta nguo. Msaidizi alikuwa karibu, ameinama anafuta meza. Mwalimu akageuza uso, akampa uji mtoto mwingine. Jamani, mtu anakuita kwa jina unalolipenda kuliko majina yote, na wewe unajifanya kiziwi. Mtoto akasimama pale na kikombe kitupu, mdomo umeanza kuvimba, mpaka akili ikamjia. "Mwalimu," akasema taratibu.

"Naam, mwanangu."

Akamjazia kikombe mpaka juu. Kisha akaenda stoo, akajifungia, akalia huku amejiziba mdomo kwa upande wa kanga, akatoka na sabuni mkononi kama aliyefuata sabuni.

Sharti jingine lilikuwa kwamba mtoto aletwe na kuchukuliwa na mlezi aliyeandikwa, na mlezi atie saini kila siku. Kwa hiyo kila asubuhi Kaptula alitoka kwa mlango wa jikoni, akazunguka nyumba, akaingia kwa fundi, kisha akaletwa mlango wa mbele ameshikwa mkono, mgeni nyumbani kwao. Jioni alichukuliwa vivyo hivyo. Ilitakiwa arudi pale pale kwa mlango wa jikoni, lakini msaidizi alibaki akijaza mahudhurio, na Mwalimu alibaki akiosha vyombo na kupiga deki, kwa hiyo mtoto alikaa kwa fundi mpaka giza liingie. Kule kulikuwa na vipande vya vitambaa vya kila rangi, na pedali ya cherehani aliyoruhusiwa kuibonyeza kwa mikono. Akala huko. Siku za mvua akalala huko, kwa sababu nani atamtoa mtoto usingizini amloweshe.

Afisa alirudi bila taarifa, kama walivyofundishwa. Alikagua choo, akakagua mtungi, akahesabu vichwa. Kisha akachuchumaa mbele ya Kaptula. Labda alikumbuka, labda hakukumbuka. Mwalimu alikuwa dirishani.

"Nani amekuleta leo?"

"Mama fundi."

"Na huyu pale ni nani?"

"Mwalimu."

"Bibi yako yuko wapi?"

Mtoto akamtazama Mwalimu, kisha akamtazama afisa. "Sina bibi," akasema.

Hilo hakufundishwa na mtu. Alilitunga mwenyewe, kwa akili yake ya miaka minne, ili mchezo usiharibike. Afisa akamshika kichwa, akasema pole, akaandika alichoandika, na ruzuku ikaja. Jioni ile Mwalimu alimkumbatia mjukuu wake, akamwambia umepatia, mume wangu, umepatia sana, akampa kipande cha keki. Angefanya nini kingine? Angemgombeza mtoto kwa kutii?

Baada ya hapo mambo yalikwenda vizuri, na hilo ndilo linaloniuma mimi ninayesimulia. Choo kilijengwa. Watoto walinenepa. Mwalimu alisifiwa kwenye mkutano wa wenye vituo, akapigiwa makofi. Ila kila jioni wazazi walipofika getini, watoto tisa waliwakimbilia wakiita "Mama, Mama", na wa kumi naye hakuwa jiwe. Siku moja aliwakimbilia pamoja na wenzake, akamrukia fundi, akamwita Mama. Fundi akacheka, akamsahihisha, "Mimi fundi wako." Siku ya pili akamsahihisha. Sijui ni siku gani aliacha, wala yeye nadhani hajui. Mwanamke ambaye hakuitwa hivyo maisha yake yote, wewe ndiye ungekuwa na moyo wa kumlaumu?

Mwalimu aliona. Kazi yake ilikuwa kuona. Alijiambia ni mchezo, shule ikianza utakwisha. Asubuhi alimtania, "Mume wangu, leo chai vipi?" na mtoto akajibu, "Nzuri," akanywa, akainuka kwenda kuzunguka nyumba. Utani ukidakwa na mtu mmoja tu, mwenzake akiuacha uanguke, unachosha kuliko kubeba maji. Akawa anamtania mara chache.

Ikafika Jumapili moja. Kituo kimefungwa, msaidizi yuko kwao, mtaa umetulia. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango wa mbele akichagua mchele, na mtoto anakimbiza tairi la baiskeli hapo mbele. Akajikwaa kwenye ukingo wa saruji, akaanguka kifudifudi, goti likachanika. Mwalimu akatua ungo na kufungua mikono yote miwili. Hata hatua tatu hazikuwepo kati yao.

Mtoto akainuka, kinywa wazi, sauti bado haijatoka. Alimwona. Akampita, nguo yake ikamgusa bibi yake begani, akatoka getini na damu inamchuruzika, na kilio kikatokea huko nje, mlangoni kwa jirani. "Mama."

Miaka yote ile Mwalimu alikuwa akiwaambia wazazi wasiwe na wasiwasi mtoto akimzoea mlezi, kwa sababu mtoto aliyeumia hachagui kwa adabu, atamkimbilia aliye wake tu. Aliwaambia wengi, na wengi walikwenda zao wamefarijika. Akabaki pale kwenye ngazi, mikono bado imefunguka, mpaka alipoona aibu akaishusha.

Kisha akainuka, akachukua bakuli la maji ya chumvi na kitambaa safi, akaenda kwa jirani. Mtoto alikuwa amepakatwa, uso kauficha shingoni mwa fundi. Fundi alipomwona akataka kumtoa, mtoto akang'ang'ania.

"Mama, naapa sikumfundisha," fundi akasema, machozi yanamlenga.

"Najua. Muache hapo hapo."

Akapiga magoti chini, akaanza kusafisha goti. Alikuwa na mkono mwepesi, mtoto akatulia, akawa anatazama kitambaa kinavyobadilika rangi.

"Mume wangu," akasema, "leo Jumapili. Hakuna wenzako, hakuna afisa. Niambie, mimi ni nani?"

Mtoto akatazama mlangoni kama kuna mtu. Akamtazama bibi yake usoni kwa makini, kama anayejua kwamba anapimwa na hataki kukosea.

"Mwalimu."

"Na bibi yako je?"

"Sina bibi," akasema, safi, bila kugugumia, na akabaki amemkazia macho, anasubiri.

Fundi alikuwa ameinamisha kichwa. Mwalimu akapangusa tone la mwisho la damu.

"Umepatia," akamwambia. Kisha akakikamua kile kitambaa, akalifunga goti, akainuka na bakuli lake akarudi nyumbani.