Pesa ya Kanga Kutoka Uluguru

Safari yangu ilianza na machozi ya dada yangu. Mkufu wa marehemu mama ulitungwa kwa pesa za zamani za Wadachi, za shaba, upande mmoja ndege wao, upande wa pili maandishi ya Kiarabu. Ile ya katikati ilikatika ikazama mtoni, na Mwanahawa alikuwa anaolewa Ijumaa. "Siuvai ukiwa na pengo," alisema. Pale Morogoro pesa zile zilikuwa zimeadimika tangu Wadachi walipoleta sarafu zao mpya, hela.

Jumatatu alfajiri nikashika njia ya Mlali, milima ikiwa kushotoni kwangu. Jioni nikapokewa na mama mmoja muuza chumvi. "Panda kwa Mzee Kobelo, mhunzi," akaniambia. "Anazo, lakini ana maneno huyo!"

Kesho yake nilipanda mpaka magoti yakaniomba msamaha. Mito inaimba kila upande, na watu wanalima kunde kwenye miteremko ambayo mimi naogopa hata kuitazama. Niliwavulia kofia.

Mchana nikafika. Kobelo alikuwa mbele ya moto, rozari shingoni.

"Shikamoo mzee. Nimekuja kununua pesa ya ndege."

"Marahaba. Siuzi." Akaendelea kugonga chuma chake.

Nikakaa chini palepale. Mkewe akanionea huruma, akaniletea magimbi, akauliza mama yangu ni nani na wa ukoo gani. Nilipotaja, nyundo ikanyamaza.

"Kumbe mtoto wa dada yetu!" Kobelo akafoka. "Unaingia kwa mjomba wako kama mchuuzi?"

Nikamweleza habari ya harusi. Akaingia ndani, akatoka na pesa moja. Ndege wa Wadachi alikuwa amefutwa kwa nyundo, na mahali pake amechorwa kanga, madoadoa yake yote yamepigwa kwa ncha ya msumari.

"Yule wao katanuliwa mbawa kama kuku wa kubanika," alisema. "Huyu namjua. Mpelekee mpwa wangu."

Kanga alikuwa mzuri ajabu, lakini hakufanana na wenzake. Nikateremka nikiwa na furaha na hofu.

Alhamisi jioni Mwanahawa aliishika pesa ile, akaigeuza. "Imetoka kwa nani?"

"Kwa mjomba."

"Tuna mjomba?" Akalia tena, safari hii akicheka.

Ijumaa alitoka na mkufu shingoni. Pesa nyingine zote alikuwa amezigeuza zioneshe maandishi, ili ndege aonekane mmoja tu.

Tangu hapo, nikibisha hodi milimani, natanguliza jina la mama yangu. Shida yangu naisema baadaye.